Nyongeza ya Mistari Mitano

Nilimtapikia mama mkwe wangu. Naanza na hilo ili liishe, maana usipolisikia kwangu utalisikia mtaani kwetu Kanyenye, na huko wataongeza chumvi. Tena sikutapika pembeni, useme bahati mbaya kidogo ikamrukia. Nilimtapikia yeye mwenyewe, miguuni na kwenye pindo la kanga mpya, saa nne asubuhi, mbele ya watoto wake wote, wajukuu, na katekista aliyekuja kuibariki nyumba.

Kama hujaoa kwa Wanyamwezi, labda huoni ukubwa wake. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Humpi mkono. Huli mbele yake. Mkikutana kwenye njia nyembamba, wewe ndiye unayeingia porini. Siku hizi wengi wamelegeza, ila wangu mimi hajalegeza hata uzi mmoja. Miaka kumi na nane ya ndoa, nilikuwa sijawahi kumsogelea karibu kuliko urefu wa ng'ombe. Siku tuliyosogeleana, ndiyo hiyo.

Sasa tuanze mwanzo.

Mimi ni muuza asali. Nina kaduka Kanyenye, madumu nyuma, chupa mbele, nyuki wachache wanaokuja kukagua mali yao. Shule niliiacha kidato cha pili, siku ambazo desimali zilianza kuingia kwenye kila kitu, mpaka jiografia. Niliona nukta imenishinda, nikaenda kutafuta maisha yasiyo na nukta. Na kwa muda mrefu nilifanikiwa.

Nilichokuwa nacho kwa wingi ni kitambi. Babu yangu alikuwa akitusimulia kwamba wazee wetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa hapa mpaka pwani, miezi mitatu, mzigo begani na wimbo mdomoni. Mimi mjukuu wao nilibeba tumbo langu kutoka Kanyenye mpaka mtaa wa Isevya nikapumzika mara tatu, na mara ya tatu nilikaa kwenye benchi la fundi viatu mpaka akaniuliza kama nimeleta kiatu.

Magoti yakaanza kulia. Nikaenda kupima. Daktari akasema presha imepanda na sukari bado haijaingia ndani ila iko mlangoni inabisha hodi. "Punguza wanga, tembea, rudi baada ya miezi mitatu." Nilimsikiliza vizuri sana. Nikatoka pale nikala chipsi mayai ili nipate nguvu ya kuanza kujinyima.

Ndipo akaja yule dada. Ni mteja wangu wa asali, ananunua ya kupaka usoni. Anauza vitu vyake kwa simu: mafuta ya ngozi, chai za tumbo, mikanda ya kubana. Akaniangalia siku hiyo jinsi nilivyoinama kuchukua dumu nikabaki chini.

"Kaka, unateseka bure," akasema. "Kuna sindano. Mara moja kwa wiki. Chakula unakiona tu kama picha ukutani."

"Sindano ya nini?"

"Ya kupunguza mwili. Ile ile wanayotumia watu wakubwa huko nje. Yao inakuja kwenye kalamu, ghali. Hii yangu ni ile ile, ila imechanganywa, iko kwenye kichupa. Nafuu."

"Imechanganywa na nani?"

Nataka ujue kwamba hilo swali niliuliza. Niliuliza kabisa, kwa mdomo wangu.

"Na wataalamu," akasema.

Nikaridhika.

Akanionyesha picha za mwanamke mmoja kabla na baada. Wa kabla alikuwa anafanana na mimi akiwa amevaa gauni. Nikachukua kichupa kimoja, kidogo kama cha manukato, kifuniko cha bluu, na vile vibomba vyembamba wanavyotumia wenye kisukari, vyenye mistari midogo midogo. Maelekezo yalikuja kwa sauti kwenye simu: "Kaka, unachota mpaka mstari wa kumi, unachoma tumboni, basi. Kila Ijumaa. Na uweke kwenye baridi."

Hapo kwenye baridi pakawa na shida. Friji yetu ya nyumbani ni ya mke wangu, hata yai likihamishwa anajua. Na mke wangu alishaniambia, siku niliyoanza kuzungumzia mambo ya sindano, kwamba mtu anayeshindwa kuacha kipande cha tatu cha muhogo asilete sindano nyumbani kwake. Kwa hiyo nikaenda kwa jirani yangu wa duka. Huyu ni rafiki yangu tangu tukiwa vijana, ukoo wao walikuja na misafara kutoka Omani wakabaki, wanauza tende na viungo mpaka leo. Ana friji ya soda pale mlangoni.

"Sheikh, niwekee hiki kidogo," nikamwambia.

"Nini hicho?"

"Chanjo ya kuku."

Akakitazama kichupa, akanitazama mimi, akakiweka nyuma ya soda za machungwa. Hakuuliza tena. Rafiki wa kweli ana faida hiyo, na hasara hiyo hiyo.

Kichupa cha kwanza kilifanya kazi. Siwezi kudanganya. Nilikuwa nachomea stoo, nyuma ya madumu, shati mdomoni kama mtu anayeiba. Kichefuchefu kidogo siku ya pili, basi. Ugali ukawa hauna maneno na mimi. Suruali zikaanza kushuka zenyewe. Mke wangu akadhani ameniroga kwa maombi, akazidisha. Nikawa napita mbele ya fundi viatu bila kukaa, nampungia mkono kama mbunge.

Kichupa cha pili kikaja na basi, kifuniko kile kile cha bluu, ukubwa ule ule. Kulikuwa na tofauti moja. Kwenye karatasi iliyobandikwa, kile cha kwanza kiliandikwa kwa kalamu ya wino namba tano. Hiki kiliandikwa kumi. Niliiona. Nikasema moyoni, aa, hii ni namba ya mzigo, mzigo wa tano umeisha, sasa tuko wa kumi, biashara ya dada inakua. Nikafurahi kwa niaba yake.

Sasa wiki hiyo mama mkwe alikuwa amemaliza nyumba yake ya bati, huko vijijini upande wa Kipalapala, akatuita wote Jumamosi tuje tusali na kula. Shemeji zangu wote watakuwepo. Hawa mashemeji wana desturi ya kunipima kiuno kwa maneno kila tukionana. Nikataka safari hii wakose la kusema.

Na hapa ndipo biashara yangu iliponiponza. Sisi wauza asali tuna kitu kinaitwa nyongeza. Mteja akinunua lita, ukishamjazia lita yake, unamtilia kidogo juu. Usipomtilia, kesho hayupo. Baba yangu alinifundisha hivyo, na mkono wangu umezoea: nikishapima, lazima mkono urudi tena kwenye dumu. Ijumaa ile stoo, nikachota mpaka mstari wa kumi. Nikatazama. Nikajiona mimi ni mteja mzuri, mwaminifu, wa siku nyingi. Nikajitilia nyongeza. Mistari mitano.

Jumamosi asubuhi niliamka nikiwa na mate mengi. Mke wangu akaniuliza mbona umekuwa wa kijani, nikasema ni shati. Tukapanda pikipiki mbili, yeye mbele na vyombo, mimi nyuma na dumu la asali la zawadi mapajani. Kila shimo la barabara ile lilinisalimia tumboni. Nikamwambia kijana wa bodaboda apunguze mwendo, akasema, "Mzee, nikipunguza zaidi ya hapa tutaanguka."

Tukafika. Harufu ya kwanza kunipokea ilikuwa ya mlenda unachemka. Naupenda mlenda tangu sijaota meno. Siku hiyo nilihisi kama umeingia puani unatafuta pa kulala.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyumba mpya, kanga mpya, uso umetulia kama malkia. Nikachuchumaa kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa, nikamwamkia mama kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Habari za mjini?"

"Nzuri, mayu."

Nikataka kusimama. Miguu ikakataa. Jasho la baridi likanitoka, nikashika ardhi kwa mkono mmoja. Na huyu mama, ambaye kwa miaka kumi na nane hajavuka ile nafasi baina yetu, aliponiona nayumba akainuka kwenye kigoda chake, akaja mwenyewe, akaniinamia.

"Baba, una nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu.

Hakuna aliyepiga kelele. Katekista alifunga kitabu chake taratibu. Kuku wawili walikuja kuangalia kama kuna faida. Kisha shemeji yangu mkubwa, yule mwenye mdomo, akasema kutoka kwenye benchi: "Shemeji, miezi mingapi?"

Watu wakaanguka kicheko. Hata mimi ningecheka, ila nilikuwa naendelea. Na sikuacha. Nilitapika chakula, nikatapika maji, nikatapika vitu ambavyo sikumbuki kuvila. Baada ya nusu saa kicheko kilikuwa kimeisha pale uwanjani. Mke wangu alikuwa ananishika kichwa, na niliposikia ameanza kusali kwa sauti ndipo nikaogopa.

"Umekula nini?" akasema. "Niambie ukweli, umekula nini?"

"Sijala," nikasema. "Nimechoma."

Nikamweleza pale pale chini, maneno mawili, natapika, maneno mawili. Akanifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Hicho kichupa kiko wapi?"

"Kwenye friji ya jirani dukani. Mwambie unataka chanjo ya kuku."

"Sisi tuna kuku?"

Katekista alikuwa na gari la kuazima. Wakanilaza nyuma, na mama mkwe, kanga imefunguliwa na nyingine imefungwa, akaingia mbele bila kuulizwa na mtu.

Hospitalini wakanitundikia dripu. Daktari wa zamu, kijana mpole, akaniuliza nimechoma dawa gani. Nikasema ya kupunguza mwili. Kiasi gani? Mistari kumi na tano. Ya nguvu gani? Nikasema nguvu alikuwa nayo dada aliyeniuzia. Akaacha kuandika.

"Mzee, nikwambie wazi," akasema. "Kama ni dawa ninayoifikiria, haina dawa ya kuiondoa. Inakaa mwilini siku nyingi, ndiyo maana inachomwa mara moja kwa wiki. Tutakurudishia maji, tutakuangalia sukari isishuke, tutapima figo na kongosho. Lakini hiyo ni kama ndiyo dawa yenyewe. Kilichomo mle ndani hatukijui."

Nilikuwa sijui kama nina kongosho. Kulijua siku ambayo huenda limeharibika, si vizuri.

Nikalala pale natazama matone ya dripu, nikawa naomba mambo madogo madogo. Sikuomba utajiri. Niliomba hilo kongosho, popote lilipo, linisamehe.

Mke wangu akarudi kutoka kwa jirani wa duka na vichupa vyote viwili, hata kile cha kwanza kilichobaki tone, kwenye mfuko wa karanga. Nyuma yake akaja mfamasia wa hospitali, mwanamke wa makamo mwenye miwani, na nilipomwona nikataka kujifunika shuka. Ni mteja wangu. Tena mteja ambaye mwaka uliopita alikuja na chupa ya asali aliyoinunua sehemu nyingine, nikamsimamisha dukani karibu saa nzima namfundisha.

Akaviinua vile vichupa kwenye mwanga, kimoja kimoja. Akavigeuza. Akavigeuza tena.

"Bwana asali," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ya kuku.

"Siku ile uliniuliza asali yangu imetoka msitu gani. Nikasema sijui. Ukaniuliza imerinwa mwezi gani, sijui. Nani aliyeirina, sijui. Ukaidondosha kwenye karatasi, ukaitia kwenye maji, ukaniambia, mama, asali isiyo na mwenyewe usiitie mdomoni. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Sasa hii. Nani kaichanganya?"

"Wataalamu."

Mke wangu akageukia dirishani. Mabega yalikuwa yanacheza, na sikujua kama analia au anacheka.

Yule mfamasia hakunisimanga zaidi ya hapo. Alivuta kiti, akakaa, akanieleza, na nakuambia ningefundishwa hivyo shuleni ningefika mbali. Alisema kuchanganya dawa si dhambi. Famasia yenye kibali inaweza kumchanganyia mgonjwa fulani dawa yake, kwa cheti cha daktari, kwa sababu inayoeleweka, labda ile ya kiwandani ina kitu kinachomdhuru. Lakini chupa yake inakuwa na jina la mgonjwa, jina la aliyechanganya, imechanganywa lini, itaharibika lini, na ina dawa kiasi gani kwenye kila mililita ya maji. "Na hata hiyo," akasema, "haijapita kwenye mchujo wote ambao ile ya kiwandani inapita kabla haijafika dukani. Ndiyo maana haichanganywi ovyo. Hiki chako kina namba ya kalamu tu. Kinaweza kuwa na dawa yenyewe. Kinaweza kuwa na binamu yake. Kinaweza kuwa na uchafu."

"Lakini mistari ilikuwa ile ile," nikamwambia. "Kumi, na nyongeza."

"Mistari inapima maji, haipimi dawa. Ngoja. Lita moja ya asali safi, na lita moja ya asali iliyotiwa maji nusu. Ujazo wake?"

"Sawa sawa."

"Utamu?"

Mwenzangu, kitu kiliniingia kichwani kwa kishindo. Namba tano. Namba kumi. Haikuwa namba ya mzigo. Kichupa cha pili kilikuwa kizito mara mbili ya kile cha kwanza, kama aliyeandika alikuwa mkweli. Mistari kumi tu tayari ingekuwa dozi mbili. Mimi nikatia nyongeza.

"Tatu," nikasema. "Nimechoma dozi tatu kwa mpigo."

"Hesabu unaijua," akasema.

"Ilinifukuza shule."

"Basi imekufuata mpaka hapa." Akainuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Vichupa nabaki navyo, lazima tutoe taarifa. Na huyo dada mpigie umwambie aache, kabla hajamuuzia mwenye figo mbovu."

Siku ya pili sikuweza hata maji. Siku ya tatu asubuhi yule daktari kijana akaja na karatasi za vipimo. Alisimama miguuni pangu akizisoma kimya, na mimi nikawa nazisoma kwenye uso wake. Nikaona kona ya mdomo inapanda.

"Figo ziko salama. Zilikauka kidogo, zimerudi. Kongosho hatuoni tatizo. Sukari iko sawa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mzee, una bahati isiyo na adabu."

Nilipumua. Nilipumua mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniangalia. Nikamwomba mke wangu uji, uji mtupu, bila sukari, na ulipofika nikaunywa vijiko vinne, na vikabaki tumboni. Sijawahi kula karamu iliyo tamu kama vile vijiko vinne. Nje kulikuwa na mtu anafagia, mwingine anagombana na simu, na sauti zote hizo niliziona kama zimepigwa kwa ajili yangu.

Yule dada nilimpigia. Alilia. Alisema hata yeye hajui, analetewa na mtu ambaye analetewa na mtu. Nikamwambia aache, akasema ameacha. Namwombea iwe kweli.

Kwa mama mkwe nilirudi wiki mbili baadaye, na kanga mpya mbili na maneno ya msamaha niliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Nikachuchumaa mbali, mbali zaidi ya kawaida, karibu na mpaka wa jirani. Hakunipa nafasi ya kuanza. "Baba," akapaza sauti, "sogea. Heshima tumeshaimaliza mimi na wewe." Akanipa michembe ya viazi na karanga, nikala mbele yake, mara ya kwanza. Shemeji mwenye mdomo akauliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia ametoka.

Siku hizi natembea. Kila asubuhi Kanyenye mpaka Isevya na kurudi, taratibu, kwa maelekezo ya yule daktari kijana, ambaye amesema ikibidi sindano siku moja ataandika mwenyewe, ya kiwandani, na atanionyesha mwenyewe. Kitambi kimerudi kidogo kuchungulia. Mke wangu ndiye anayenipakulia, na mkono wake hauna nyongeza.

Rafiki yangu wa tende alikuja dukani siku niliyofungua tena. Alileta chupa ya maji baridi, akaiweka mezani, akakaa juu ya dumu tupu akawa anachezea tasbihi yake. Nikajua ana neno. Nikamwambia, sheikh, nisamehe kwa ule uongo wa chanjo.

"Uongo gani?" akasema. "Ndugu yangu, mimi nilijua toka siku ya kwanza kwamba huna kuku. Nikaona mtu mzima anaficha dawa, anakonda kila wiki, nikasema, huyu ana ugonjwa mkubwa na anaona haya. Nikanyamaza. Miezi miwili hiyo, kila swala, nimekuombea." Akavuta pumzi, akatazama tumbo langu kwa huzuni. "Kumbe nilikuwa naombea kitambi."